JUA LA KIGOMA NA SAA YA DAR ES SALAAM



Ndugu wasomaji, kila ifikapo Ramadhani mjadala hurudi katika mkoa wetu wa Kigoma: redio ya Dar es Salaam imeadhini Magharibi, je, tufuturu? Wapo wanaojibu kuwa nchi ni moja na saa ni moja, basi na adhana ni moja. Sisi tunasema kauli hiyo si sahihi, na inaweza kutuharibia saumu.

Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti kabisa katika ardhi ya Tanzania. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39.3, Kigoma mjini karibu na nyuzi 29.6. Tofauti hiyo ni kiasi cha dakika 39, ikizidi au kupungua kidogo kwa majira. Basi anayefuturu Kigoma kwa adhana ya Dar es Salaam anakula jua likiwa bado juu ya ziwa. Na anayeswali Alfajiri kwa adhana hiyo ameswali kabla ya wakati.

Saa za ukutani ni makubaliano ya watu. Ushahidi tunao kwa jirani zetu. Bujumbura nayo iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na jua huzama huko na kwetu kwa tofauti ya dakika chache tu. Lakini saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, hivyo Magharibi kwao huingia kwenye saa 12 jioni, na kwetu kwenye saa 1 usiku.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufaradhishia swala kwa nyakati maalumu (An-Nisaa: 103), na ametuamuru tutimize saumu mpaka usiku (Al-Baqarah: 187). Usiku huo ni wa pale ulipo wewe.

Wengine watasema tunaleta mgawanyiko. Hapana. Umoja wetu ni kuelekea Kibla kimoja, wala si kufuturu dakika moja. Hata ndani ya mkoa, Kasulu hututangulia kwa dakika 2 hivi, na Kibondo kwa dakika 4 hivi.

Kwa hiyo tunashauri kila msikiti utundike ratiba ya mji wake, na ratiba za Dar es Salaam zisitumike bila kurekebishwa. Walimu nao wawafundishe wanafunzi wa madarasa ya juu hesabu hii, kwani haihitaji zaidi ya kuzidisha kwa nne. Nanyi wazazi, kabla ya kunyoosha mkono kwenye tende, mwambieni mtoto atoke nje akaangalie jua.

Wabillahi tawfiq.