Mbeba Boksi Akirudi Mbele na Huzuni, Baridi Inasingiziwa Tu

Wadau, likizo ndo hivyo imeisha. Wale waliokuja Desemba kula bata Dodoma wamesharudi mbele, na sasa umeanza msimu wa posti za majonzi. Picha ya dirisha lina theluji, wimbo wa taratibu, na maneno mawili matatu ya kuikumbuka nyumbani. Chini yake pole zinamiminika: vumilia ndugu, ni baridi tu hiyo, utazoea.

Baridi inasingiziwa. Mtu ameshakaa huko, koti zito analo, hita ndani ipo, basi la kazini analijua. Kama ni baridi, alishaizoea kabla hajaja. Kinachomliza wiki ya kwanza akirudi ni uongo aliouacha nyumbani, na deni alilobeba ili uongo huo usishtukiwe.

Kuna dada mmoja wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Yuko Uingereza anatunza wazee. Anaogesha, analisha, anabadilisha mashuka, anapiga zamu za usiku. Ni kazi ya heshima kabisa na ndiyo inayolipa ada ya mwanae. Lakini mtaani kwao inajulikana kwamba yeye ni nesi mkubwa hospitalini. Hakuna anayekumbuka nani alianza kusema hivyo, ila yeye hakukanusha.

Basi alipokuja ikabidi aucheze huo unesi mkubwa. SGR ambayo tangu 2024 inawatoa watu Dar mpaka Dodoma kwa saa 3 au 4 aliona itamshusha, akakodi gari kutoka Dar na kukaa nalo wiki 3. Kila jioni Area C, nyama choma, meza imejaa watu na bili yake. Ugali wa uwele na mlenda wa mama yake, kitu alichokiota mwaka mzima, alikula mara moja. Mama akamuuliza mbona umekonda mwanangu, akajibu anafanya mazoezi. Sasa hivi yuko kule anaomba zamu za ziada kulipa kadi za mkopo. Analala saa 4 kwa siku, halafu anaambiwa ni baridi!

Na hilo la pesa lina nafuu. Mwanae anaishi na bibi. Usiku wa mwisho mtoto aliuliza, mama utanichukua lini? Akajibu, mwaka huu. Wakati anajua fika kwamba tangu tarehe 11 Machi 2024 Uingereza ilizuia watunza wazee wanaoingia kwa viza hiyo kuleta watoto au wenza, na yeye viza yake aliipata baada ya hapo. Mtoto ameshawaambia wenzake shuleni anaenda Ulaya. Mwambie mama wa namna hiyo atazoea. Atazoea vipi, kila akipiga simu anaulizwa begi linunuliwe la rangi gani?

Mwangalie sasa dada mwingine, wa Kondoa. Yeye yuko Muscat, kazi za ndani. Alirudi baada ya mkataba wa miaka 2, akashuka na basi kama watu wote, zawadi zake tende na udi. Usiku wa kwanza akawakalisha wazazi na kaka zake akawaambia: mimi kule ni mfanyakazi wa ndani, mshahara wangu ni huu, simu napewa nafasi ya kuitumia jioni, na pesa hii niliyokuja nayo ni ya bati, haikopesheki. Wengine walinuna. Shangazi mmoja alisema mtoto amekuwa bahili. Lakini bati zilipigwa akiziona kwa macho yake, akaaga, akaondoka.

Alilia uwanja wa ndege? Alilia sana. Ila baada ya wiki alikuwa sawa, maana hakuacha nyuma kitu cha kuficha.

Na hapa kuna jambo kubwa kuliko majonzi. Mfanyakazi wa ndani Uarabuni anaishi kwenye nyumba ya mtu, na vibali vyake viko chini ya huyo mtu. Kama bosi ni mwema, sawa. Siku bosi akigeuka, msaada wa kwanza ni simu ya nyumbani. Familia inayojua binti yao ni mfanyakazi wa ndani itaamka usiku huo huo kutafuta wakala na ubalozi. Familia inayodhani binti yao ni meneja wa duka itasema anadeka. Ukweli ni usalama wako, dada.

Kwa wanaume hadithi ni ile ile, imebadilika nguo tu. Kaka mmoja wa Marekani alishachukua uraia wa huko, na kwa sheria yetu mtu mzima akifanya hivyo anapoteza wa Tanzania. Hakumwambia mtu. Kiwanja chake Nzuguni akaandikisha jina la binamu, kimya kimya. Sasa binamu kajenga fremu, na kaka hawezi hata kufoka maana akifoka siri inatoka. Mwaka 2025 Bunge, hapa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho ya sheria kuwapa wenye asili ya Tanzania hadhi maalum, ikiwemo nafasi ya kumiliki ardhi. Mlango umefunguliwa kidogo, ila anayepita ni yule anayesema wazi yeye ni nani.

Tulionyumbani nasi tusijitoe kwenye lawama. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kila familia inataka mtoto wa mbele anunue kiwanja kabla bei haijapaa. Mtu hajafungua hata begi kule, meseji 6 zimeingia, zote zinaanza na "samahani kukusumbua". Hakuna aliyeuliza umefika salama? Tunawafundisha kudanganya, halafu tunashangaa wanadanganya.

Wapo watakaosema ukisema ukweli utadharauliwa. Kweli, utasemwa. Utasemwa wiki moja kwenye kibanda cha chipsi, kisha watapata umbea mwingine. Uongo utaulipia miaka, tena kwa pesa za kigeni.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuja mwaka huu, taja kazi yako kwa jina lake. Weka bajeti na ikiisha sema imeisha. Mtoto mwambie kinachowezekana, hata kama ni "sijui lini". Kula kwa mama yako zaidi ya hotelini. Ukirudi huko utakumbuka nyumbani, hilo halina dawa, lakini utalala usingizi.

Nyie wadau mnasemaje? Mwenye ndugu mbele, unajua kweli anafanya kazi gani? Dondosha maoni hapo chini.