MGONGO WA MAMA SI WA KUBEBEA TARUMA

Ndugu Wanachama,

Sisi watu wa gengi tunajua sheria ya taruma. Taruma halibebwi na mtu mmoja, na nyapara akilazimisha tunaweka vyombo chini na kumwita mjumbe wa chama. Vizuri sana. Lakini jioni tukirudi Mbotela, Kaloleni na Jericho, mama mwenye mimba ya miezi 7 anapita na mtungi wa maji wa lita 20, yaani kilo 20, nasi tumekaa kibarazani tunazungumza mpira. Akisema mgongo unamuuma, jibu letu ni moja: "Hiyo ni mimba tu."

Hata mimi nilijibu hivyo, sitaki kuficha. Mke wangu alilalamika siku tatu. Nikapita dukani, nikamnunulia vidonge vya diklofenaki, vile tunavyomeza wenyewe baada ya kazi nzito. Usiku akatetemeka kwa homa. Mama mmoja jirani ndiye aliyeuliza nisiloliuliza mimi mume: unauma upande gani, na je, akienda haja ndogo anasikia moto? Kliniki wakapima mkojo, wakakuta ugonjwa umepanda hadi kwenye figo. Tungezidi kukawia, uchungu ungeweza kumshika kabla ya wakati. Na vile vidonge? Sista alinikemea mbele ya watu. Alisema dawa za namna ile, pamoja na ibuprofeni, mimba ikifika wiki 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Nilistahili kukemewa.

Ni kweli kwamba mara nyingi mgongo wa mja mzito huuma bila ugonjwa. Tumbo linavuta mbele na viungo vya nyonga vinalegea. Hapo anataka kupunguziwa mizigo, kutembea kidogo, kiti chenye egemeo, na kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Lakini homa, damu, maji kuvuja, au maumivu yanayokuja na kuondoka kama saa, hayo hayangoji mwisho wa mwezi. Hospitali ya Pumwani ipo hapa kwetu tangu 1926. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016 kwamba mama aonwe mara 8 kabla ya kuzaa. Wengine wetu tunatoa nauli mara mbili tukadhani tumefanya hisani!

Mabwana wakubwa nao wana lao. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 29, yampa mama likizo ya miezi 3 na baba wiki 2, wote kwa mshahara kamili. Mwanamume akiiomba, msimamizi anamwuliza, "Kwani ni wewe unayezaa?" Nasi tunacheka pamoja naye. Tena tangu Oktoba 2024 tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya bima ya SHA, na wako wenzetu ambao hawajaandikisha wake zao. Pesa imekwenda, mke yuko nje.

Naomba tawi liweke mambo mawili katika mkutano ujao: kila aliyenyimwa wiki zake 2 atajwe, na kila ambaye hajaandikisha mke asimame. Mtungi wa maji hauhitaji mkutano. Uchukue leo jioni.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Gengi, Mbotela.