Programu mpya isimnyang'anye mtumiaji chombo chake cha kazi

Mtu anapoweka toleo jipya la programu, anatazamia kupata zaidi ya kile alichokuwa nacho. Wanaosimamia hifadhidata wanajua kwamba si hivyo kila mara.

Mwezi wa nne mwaka 2019, kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la 18 la SQL Server Management Studio. Hiyo ni programu ya bure ya kuendesha hifadhidata za SQL Server kwa madirisha na vitufe, bila kuandika kila amri kwa mkono. Ndani yake vitu viwili vilikuwa vimeondolewa: michoro inayoonyesha namna majedwali yanavyoungana, na chombo cha kufuata amri hatua kwa hatua ili kugundua kosa liko wapi. Maelezo ya toleo yalisema hivyo wazi, lakini ni wachache wanaosoma maelezo kabla ya kubonyeza.

Watumiaji walilalamika. Mwezi wa sita mwaka huohuo, toleo la 18.1 likarudisha michoro. Chombo cha kutafuta makosa hakikurudi. Aliyekihitaji alielekezwa kwenye programu nyingine, Visual Studio.

Kwa injinia anayejua amri zote, hilo ni jambo dogo. Lakini kwa mtu aliye peke yake katika ofisi ya hospitali au ya shule, huko Bukavu, Beni ama Bunia, anayetunza daftari la wagonjwa au la wanafunzi, mchoro ndio macho yake. Ukiondolewa, kazi inasimama. Na kurudi nyuma kunamlazimu kununua mega upya, wakati umeme nao ni wa kubahatisha.

Watengenezaji wana wajibu. Kitu ambacho watu wanakitegemea kisiondolewe kabla ya kingine cha kukishika nafasi kuwa tayari, na taarifa itolewe mapema, ndani ya programu yenyewe.

Watumiaji nao wana wajibu wao. Toleo la 18 halikufuta la 17. Yote mawili yaliweza kukaa kwenye kompyuta moja. Basi la zamani libaki mpaka kila kazi ya juma ijaribiwe katika jipya. Tena, kitufe kikipotea, data haijapotea. Hata michoro ile ilibaki imehifadhiwa ndani ya hifadhidata. Mlango wa kuifikia ndio uliofungwa. Anayejifunza amri chache za msingi hatakwama mlangoni.

Zaidi ya yote, asinyamaze. Michoro ilirudi kwa sababu watu walisema. Ofisi ndogo za Kongo zina haki ileile ya kusema, na zisipoandika kueleza zinachohitaji, wataamua wale ambao hawajawahi kufanya kazi katika hali yao.