Mitambo ya zamani ihifadhiwe Dodoma

Liko trekta lililotengenezwa kwa ajili ya nchi hii, ambalo leo wakusanyaji wa mitambo ya kale wangelitafuta kwa tochi. Liliitwa Shervick. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, ikavivua mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta ya kung'oa vichaka vya Tanganyika. Mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeanza Kongwa mwaka 1947, na matrekta ya mtumba yaliyonunuliwa Ufilipino kutoka mabaki ya jeshi la Marekani yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine. Ardhi ya Kongwa ikikauka kiangazi inakuwa ngumu kama tofali, na mchanga wake unasaga chuma. Mwaka 1951 Waingereza walikata tamaa, wakiwa wamekwisha kutumia zaidi ya pauni milioni 30.

Mimi ni fundi wa Land Rover, gereji yangu iko Kizota, Dodoma. Shervick sijaliona hata moja, na vijana ninaowafundisha kazi hawakuwa wamelisikia hata jina. Chuma kilichokatwa na kuyeyushwa hakirudi.

Sasa naziona Land Rover 109 zikifuata njia hiyo hiyo. Hizi ndizo zilizobeba wagonjwa wa misheni, mabwana shamba na masanduku ya kura katika vijiji vya Ugogo. Mwenye gari akija kwangu, mara nyingi anataka niing'oe injini ya petroli ya lita 2.25 nifunge ya dizeli ya Toyota, nikate paa, niweke rimu pana. Namwelewa, mafuta ni ghali na spea halisi ni za kutafuta. Lakini kabla sijashika spana, nakwangua matope kwenye chuma cha kushikia springi ya mbele, upande wa kulia, nimsomee namba ya chesisi iliyogongwa pale. Namba hiyo inaeleza gari ni la toleo gani. Wengine wakishajua wana nini mkononi, wanabadili mawazo. Asiyebadili, namwomba injini ya kwanza asiiuze kwa kilo; aifunge turubai, aiweke stoo.

Watu hudhani kazi ya kuhifadhi magari haya ni ya Arusha, kwenye watalii. Ni kweli Arusha ilitutoa kimasomaso Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika huko kwa mamia kuvunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632. Ila kwa kuhifadhi, hakuna mahali panapoishinda Dodoma. Bodi ya Land Rover ni alumini, chesisi ni chuma. Vikikutana kwenye unyevu wa chumvi vinalana. Gari linalotoka Tanga au Dar es Salaam nalikuta limeoza kwenye viungo, milango inaning'inia. La Mpwapwa au Manyoni lenye umri huo huo, nalisugua vumbi na kukuta chesisi nzima. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na haifiki milimita 600 kwa mwaka. Hali ya hewa wanayoilalamikia wakulima ndiyo inayotunza chuma. Halafu magari ya kihistoria ya Makumbusho ya Taifa yako Dar es Salaam, jirani na bahari!

Ombi langu ni kwa Wizara ya Fedha na Makumbusho ya Taifa. Kabla magari chakavu ya serikali hayajapigwa mnada, fundi na mtu wa makumbusho wayapitie, na kila aina ibakizwe moja: Land Rover 109, Scania zilizounganishwa Kibaha, na hasa lori la Nyumbu, ambalo Watanzania walilibuni wenyewe. Banda la bati na sakafu ya zege linatosha kuanzia, na Dodoma viwanja vipo. Nanyi wenye magari haya uani, msimpigie simu mnunuzi wa chuma chakavu kabla hamjasoma namba ya chesisi.