Manjano ni msaidizi wa dawa, si mbadala wake

MKULIMA wa Kurui, wilayani Kisarawe, anayefikiria kupanda manjano kando ya mihogo na mikorosho yake ana soko kubwa jirani, Dar es Salaam. Manjano yanatakiwa jikoni, na yanatakiwa pia na wauzaji wa dawa za asili. Soko hili la pili lina mtego: zao likiuzwa kwa ahadi ya uongo, mgonjwa huumia kwanza, kisha mkulima.

Moja ya ahadi hizo ni kuponya uvimbe wa kudumu wa utumbo. Huu si ugonjwa wa vidonda vya tumbo unaofahamika na wengi. Hapa kinga ya mwili hushambulia utumbo, na mgonjwa anaweza kuharisha damu kwa wiki nyingi, kukonda na kupungukiwa damu. Dalili zake hufanana na za amiba au kifua kikuu cha tumbo, hivyo bila vipimo vya hospitali ni vigumu kuutambua. Dawa huutuliza, hazitibu ukaisha kabisa.

Msaada wa manjano si uzushi. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya wagonjwa 89 wa vidonda vya utumbo mpana ambao hali yao ilikuwa imetulia. Miongoni mwa waliopewa gramu 2 kwa siku za kukumini, kiini cha manjano, kwa miezi sita, ugonjwa uliwarudia asilimia 5 hivi. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, uliwarudia asilimia 20 hivi.

Wasichosema wauzaji ni kwamba wagonjwa wote hao waliendelea kumeza dawa za hospitali. Aidha, unga wa manjano huwa na kukumini takriban asilimia 3 tu. Ili kupata gramu 2 kunahitajika unga unaozidi gramu 60 kila siku. Kijiko kimoja kwenye chai ni kiungo, si tiba.

Taifa limeshapata funzo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila kwa sh. 500, na wapo walioacha dawa zao baada ya kukinywa.

Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Anayetaka kuuza manjano kama dawa hana budi kupitia mlango huo.

Kazi ya mkulima ni ubora. Manjano yavunwe yakiwa yamekomaa, yakaushwe vizuri yasiote ukungu, na yasitiwe rangi. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano nchini Bangladesh yalivyopakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ili yang'ae.

Halmashauri nayo isaidie vikundi vya wakulima kupima kiwango cha kukumini maabara, kwa sababu mtengenezaji wa dawa hununua kiini, si rangi. Kikundi chenye cheti kitakuwa na nguvu ya kupatana bei. Chenye maneno matupu kitauza msimu mmoja tu, kwani njia ya mwongo ni fupi.