DENI LA MAJARIBIO YA DAWA

Kila dawa mpya inayoingia katika hospitali zetu imepita kwanza katika mwili wa mtu aliyekubali kujaribiwa. Mtu huyo hakuwa na hakika kwamba itamfaa, wala kwamba haitamdhuru. Twapenda leo kuwauliza wasomaji wetu: jaribio likiisha, na dawa ikathibitika kuwa njema, je, mtu huyo adai nini? Na nchi yake nayo yadai nini?

Swali hili si geni hapa Dar es Salaam. Mwaka 1994 wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walionyesha kwamba mama mja mzito mwenye virusi vya UKIMWI akipewa dawa iitwayo AZT, watoto wanaoambukizwa hupungua kutoka 25 hivi katika kila 100 hata kufikia 8. Lakini matibabu yale yalikuwa marefu na ya ghali: vidonge kwa majuma mengi, dawa ya mshipani wakati wa uchungu, kisha dawa ya maji kwa mtoto kwa majuma sita. Ndipo yalipoanzishwa majaribio ya matibabu mafupi, mojawapo likiwa lile la PETRA lililofanywa Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban. Baadhi ya akina mama walipewa dawa. Wengine walipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yo yote ndani yake, ili matokeo yapate kulinganishwa.

Mwaka 1997 kelele zikapigwa. Madaktari wawili wa Marekani, Peter Lurie na Sidney Wolfe, waliandika kwamba majaribio ya namna hiyo yasingeruhusiwa hata kidogo nchini mwao, kwa kuwa dawa ifaayo ilikuwa imekwisha kujulikana. Marcia Angell, mhariri katika jarida lile lile la waganga, aliyafananisha na mambo ya Tuskegee, ambako tangu 1932 hata 1972 watu weusi wenye kaswende waliachwa bila kutibiwa ili ugonjwa utazamwe tu. Wakuu wa idara za afya za Marekani wakajibu kwamba nchi maskini hazikuwa na uwezo wa kununua matibabu marefu, kwa hiyo zilihitaji kujua upesi kama matibabu mafupi ni bora kuliko kukosa kabisa. Na wataalamu wa Uganda hawakupendezwa kusemewa na watu wa mbali. Waliona kwamba ni haki yao wenyewe kuamua utafiti upi wafaa watu wao.

Sisi twaona kila upande ulishika ncha moja ya ukweli. Vidonge vitupu vilikomeshwa mwezi Februari 1998, baada ya Thailand kuonyesha kwamba matibabu mafupi hupunguza maambukizo kwa nusu. Matokeo ya PETRA yalipochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba katika juma la sita, watoto 6 hivi katika kila 100 wa mama waliopata matibabu yaliyo marefu kuliko mengine katika jaribio hilo walikuwa wameambukizwa, na 15 katika wale wa vidonge vitupu. Lakini baada ya miezi 18 hesabu zilikuwa 15 na 22, kwa sababu watoto walinyonya. Jambo hilo lisingeweza kujulikana Paris wala New York, ambako mama mwenye virusi alishauriwa asinyonyeshe. Haja ya kuchunguza hapa kwetu ilikuwapo, hapana shaka.

Hata hivyo, wengi waliobishana waliisema bei ya dawa kana kwamba ni mvua au jua, kitu kisichowekwa na mwanadamu. Miaka michache tu baadaye, mwaka 2001, kiwanda cha Cipla cha India kilijitolea kuuza dawa tatu za UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, ambapo makampuni makubwa yalikuwa yakitoza zaidi ya dola 10,000. Bei ilikuwa shauri la watu tangu mwanzo.

Na leo tumerudi pale pale, ingawa kwa sura nyingine. Sindano iitwayo lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani ilipoikubali mwezi Juni 2025, bei yake huko ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Kampuni ya Gilead ilikuwa imekwisha kuruhusu viwanda sita kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, na mwezi Septemba 2025 ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 itapatikana katika nchi hizo kwa dola 40. Haya ni mema, nasi twayapongeza. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wao walijaribiwa sindano hiyo hiyo katika uchunguzi wa pili, hazimo katika ruhusa hiyo. Zilifaa kwa kujaribiwa. Kwa bei nafuu hazikufaa!

Tangazo la Helsinki, ambalo chama cha madaktari wa dunia kilipitisha mwaka 1964, lilisahihishwa tena mwezi Oktoba 2024. Anayejaribiwa sasa huitwa mshiriki, na mipango ya kumpatia dawa baada ya jaribio yatakiwa ifanywe kabla jaribio halijaanza. Jina ni zuri. Ila mshiriki katika biashara yo yote hugawiwa faida, na mipango hiyo yamtazama mshiriki mwenyewe tu: haimtaji jirani yake, wala binti yake atakayeihitaji dawa miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo twazitaka kamati zetu za maadili ya utafiti ziongeze swali moja katika karatasi zake. Mwenye dawa aandike, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba ikifaulu itaandikishwa katika nchi hii, lini, na kwa bei gani. Akikataa kuandika, na apewe barua yake arudi nayo.