Garimoshi la Mezani na Nyaya Zake

Mama mmoja wa Changamwe ametuletea shauri ambalo huenda likawafaa wazazi wengine likizo hii. Mwanawe wa miaka kumi na mitano ameletewa na mjomba wake garimoshi dogo la umeme: injini mbili, mabehewa, na reli za kuunganishwa. Kijana ataka kulitia nyaya upya ili liongozwe kwa mfumo wa dijitali. Baba asema huo ni mchezo wa watoto, tena ni umeme. Vitu viuzwe, fedha ziongezwe kwenye karo. Mama auliza: tumzuie?

Tuanze na hofu ya umeme, kwani baba ana haki nayo. Umeme wa ukutani ni volti 240, nao huua. Unaofika relini, baada ya kupita katika adapta, ni volti 15 hivi, wala haumdhuru mtu aliyegusa reli. Basi sharti la kwanza: adapta inunuliwe ikiwa imekwisha kufungwa kiwandani, wala kijana asiifungue kamwe, hata akidai ajua.

Katika mfumo wa zamani, mtu huzungusha kifundo, umeme ukaongezeka relini, na kila injini iliyo juu ya reli hiyo huondoka. Ukitaka moja isimame na nyingine iende, huna budi kuikata njia vipande vipande na kukipa kila kipande swichi yake. Katika mfumo wa dijitali, reli zina umeme kamili wakati wote, na umeme huohuo ndio uchukuao maneno. Hugeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde: mgeuko wa mikrosekunde 58 husomwa moja, na wa mikrosekunde 100 au zaidi husomwa sifuri. Kwa herufi hizo mbili hutungwa amri: nambari ya injini, mwendo wake, na upande wa kuelekea. Ni kama mama aitaye jina moja katika nyumba yenye watoto saba. Wote husikia, aitikaye ni mmoja. Sikio la injini ni kibamba kidogo kiitwacho dikoda, kinachofichwa tumboni mwake.

Dikoda mpya kwa kawaida huitika nambari 3. Injini mbili mpya zikiwekwa pamoja zitaondoka pamoja, na kijana atadhani ameharibu kitu. Kila moja yapasa kubadilishiwa nambari ikiwa peke yake kwenye kipande cha reli kilichotengwa, kwani amri ya kubadilisha hubadilisha kila dikoda iliyopo hapo.

Nambari zenyewe zaweza kuwa za tarakimu nne, na hapa twaona babu ana kazi. Wazee waliotumikia Reli ya Afrika Mashariki wazikumbuka injini za mvuke za daraja la 59, kila moja na nambari yake na jina la mlima. 5918, Mount Gelai, ingali yaonekana katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kijana na amwulize babu ni nambari ipi aliyoizoea. Ila babu asikasirike akiona upana wa reli: milimita 16.5, kwa kipimo cha moja kwa 87, ndio upana wa reli mpya ya Miritini iliyofunguliwa 2017. Reli ya mita moja, ile iliyoanza kutandazwa kutoka Mombasa 1896, ingetaka milimita 12.

Sasa nyaya. Chini ya ubao zipite nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Kutoka kwazo zipande nyaya nyembamba fupi, zilehemiwe kwenye kila kipande cha reli. Viungio vya reli visitegemewe kupitisha umeme. Upepo wetu una chumvi, na baada ya msimu mmoja wa kusi vitakuwa vimeshika kutu. Rangi zisichanganywe. Na njia ikizunguka hata ikajirudia yenyewe, reli ya kulia hukutana na ya kushoto, ikawa shoti. Kipande hicho hukatwa ncha zote mbili na kuwekewa kifaa maalumu cha kugeuza umeme.

Kisha lifanywe jaribio la sarafu. Umeme ukiwa umewashwa, sarafu ya shilingi ishirini ilazwe juu ya reli zote mbili. Mtambo wapasa ukate umeme papo hapo. Jaribio lirudiwe sehemu baada ya sehemu. Mahali ambapo haukukata, pana waya mwembamba mno au lehemu isiyoshika. Na siku behewa litakapoanguka hapo, umeme utapita kimyakimya hadi plastiki iyeyuke. Moto tunaouogopa huanzia hapo, si mkononi mwa kijana.

Kuhusu fedha, baba aweke kikomo, nacho kiheshimiwe. Mtambo wa dukani ni ghali, lakini programu ya DCC-EX hupatikana bure, nayo huendeshwa na kibamba cha Arduino ambacho mafundi wa elektroniki wakijua. Asiyeweza kununua yote kwa pamoja aanze na injini moja.

Jawabu letu kwa mama, basi: msimzuie, wala msimwachie peke yake. Baba awepo siku ya jaribio, na sarafu aitoe yeye.